Yai Lililolala

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa hawezi kukipita kitu cha moto bila kukigusa. Sufuria iliyotoka jikoni, mlango wa bati uliopigwa na jua la Kilosa tangu asubuhi, boneti la lori lililosimama, hata kikombe cha chai cha mwenzake ofisini: vyote alivigusa harakaharaka, kama mtu anayeangalia kama nguo imekauka kambani. Ncha za vidole vya mkono wake wa kulia zilikuwa zimekomaa kama kisigino. Tulimcheka kwa hilo, lakini pembeni, maana hakuwa mtu wa kuchekwa usoni.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui, na sikuwahi kuuliza. Ukikaa naye mazungumzo yote yanaelekea kwenye joto, na ukijaribu kuyapeleka kwingine yanarudi yenyewe. Nilimkuta nilipoingia kidato cha pili, mimi binti mwenye kupenda kuchora pembeni mwa daftari, na ndani ya muhula mmoja alikuwa amenigeuza kabisa. Mpaka leo nikianza kumsimulia nashindwa kupanga. Basi nisamehewe nikiruka huku na kule.

Kati ya vitu vyote vya dunia hii, alichokipenda kuliko vyote ni ulanga. Ulanga ni lile jiwe linalong'aa ambalo ukiingiza ncha ya wembe ubavuni mwake linabanduka karatasi karatasi, kila karatasi nyororo na nyembamba, unaona dirisha ng'ambo yake. Wanafunzi waliotoka Malolo walikuwa wanaokota vipande vidogo mchangani wakadhani ni dhahabu, wakavileta shuleni vimefichwa kwenye soksi. Mwalimu alivipokea kwa furaha kubwa kuliko ambayo angeonyesha kwa dhahabu yenyewe. Wale watoto walirudi kwenye viti vyao hawajui kama wamepata au wamekosa.

Ulanga mwingine aliutoa kwenye pasi za umeme zilizokufa. Ndani ya pasi za zamani waya wa moto umezungushiwa karatasi ya ulanga, kwa sababu ulanga hauungui na unakataa kupitisha umeme. Mwalimu aliijua kila nyumba ya mtaa wetu yenye pasi mbovu. Mama yangu alimpa ya kwake akiamini inakwenda kutengenezwa, na kilichorudi ni mpini na kifuniko, vimefungwa vizuri kwenye gazeti pamoja na shukrani nyingi. Mama alinuna wiki nzima, nami kila siku nilikwenda shule na sketi iliyokunjamana.

Alikuwa mkali wa maneno. Somo liko kwa Kiingereza, na alilifundisha hivyo, lakini kila jambo alilirudia kwa Kiswahili na hapo ndipo alipotubana. Neno alilolipiga marufuku darasani mwake ni kupanda. Sisi sote husema joto limepanda. Redioni wanasema hivyo, zahanati wanasema hivyo, na mama akikushika paji la uso husema hivyohivyo. Kwa hiyo tulikuwa tumeingia darasani tukiamini kabisa kwamba joto ni kitu cha kwenda juu, na kwamba ukiliacha peke yake litatafuta ngazi.

Siku moja alichora ubaoni kipande kinene cha ulanga kilichokatwa ubavu, mistari ya karatasi zake ikiwa imelala kama kurasa za kitabu kilichowekwa mezani. Akasema tufanye tumepaka nta ya mshumaa kwenye ule ubavu, kisha tumegusa katikati kwa ncha ya msumari wa moto. Nta itayeyuka kuzunguka ncha. Itayeyuka kwa umbo gani?

Karibu darasa zima tulichora yai limesimama, ncha juu, kwa kuwa joto hupanda. Wachache walichora duara, nao tuliwaonea huruma. Mwalimu alipita kati ya madawati akiangalia daftari moja moja, kisha akarudi mbele akafuta mikono.

"Joto halina miguu, na halijui juu ni wapi," alisema. "Inayopanda ni hewa ya moto. Ndani ya jiwe hakuna hewa ya kulibeba. Ukilipindua jiwe lako kichwa chini, hilo yai lenu litasimamaje?"

Halafu akachora yai lililolala, refu kufuata mistari ya kurasa. Joto, alisema, linakimbia ndani ya karatasi, lakini kuvuka kutoka karatasi moja kwenda ya pili ni kazi. Akatuimbisha: yai limelala, yai limelala. Likawa salamu ya shule. Ukikutana na mtu wa darasa letu sokoni anakuuliza, "Yai?" nawe unajibu, "Limelala," na wauza nyanya wanawatazama.

Kwa nini kuvuka ni kazi, alituonyesha uwanjani. Alitupanga mistari. Tulio mstari mmoja alitukunjisha mikono tukakamatana viwiko kwa nguvu, bega kwa bega. Kati ya mstari na mstari alitupa nyuzi za kushonea, kila mtu ashike uzi mmoja uliolegea unaomfikia mwenzake wa nyuma. Kisha akamshika wa mwanzo wa mstari wa mbele akamtikisa kama mti wa mapera. Mtikisiko ulitupita sote mpaka mwisho wa mstari kabla hatujajua, wengine wakapiga mweleka. Mstari wa nyuma walikuwa wamesimama tuli wakituuliza tunacheka nini. Joto ni mtikisiko, alisema akihema kuliko sisi. Chembe za karatasi moja zimeshikana viwiko. Karatasi na karatasi zinashikana kwa uzi.

Nilirudi nyumbani nikiwa kama nimekunywa kitu. Nilisimama jikoni nikatazama mwiko, chungu, mafiga, nikaona kila kitu kinatikisika. Mama aliniuliza kama naumwa.

Siku nyingine alitupeleka kwenye kipande cha reli kisichotumika tena. Aliweka mmoja wetu mbali, amelaza kiganja kwenye chuma, mwingine amelaza kiganja kwenye reli ya pili iliyo sambamba. Akagonga reli moja kwa jiwe. Aliyeshika reli ileile aliruka, na yule wa reli ya jirani, aliye hatua chache tu kutoka hapo, alikuwa bado anauliza tunaanza lini. Kijana wa Munisagara, ambaye amekulia kando ya reli, alisema hilo wanalijua tangu utoto. Mwalimu akamwambia, basi wewe umekuwa ukiijua fizikia ya ulanga bila kuambiwa, na yule kijana alitembea kifua mbele mpaka likizo.

Pamoja na mapenzi yote hayo, yeye mwenyewe joto lilikuwa linamshinda. Kilosa ikiwaka, alikaa barazani kwake na miguu ndani ya beseni la maji, ushungi umeloa, akilalamika kama mgeni aliyeshuka jana. Chai aliiacha mpaka ipoe kabisa. Walimu wenzake walimtania kwamba bingwa wa joto anakunywa chai ya jana, naye alijibu kwamba chai ya moto anaipenda sana, anapenda kuitazama ikipoa. Na katikati ya jaribio lolote, hata mshumaa ukiwa unamwagikia mezani, mtoto akiingia bila shikamoo kila kitu kilisimama. Alingoja. Ukiitoa, anaitika marahaba taratibu, ndipo anageukia moto aliouacha.

Na alikuwa na sharti moja alilolirudia mpaka likatuchosha: hafundishi asichokiona kwa macho yake. Kama kitabu kinasema maji yanachemka mapema zaidi mlimani, alitaka kwanza apande na sufuria. Alipanda kweli, na watu wa huko wanamkumbuka. Sharti hilo alilivunja mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni lile yai.

Hakuwahi kuliona. Alilisoma alipokuwa chuoni, akaliamini, akalifundisha mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka alijaribu kulionyesha akashindwa. Uso wa juu wa ulanga hauna shida. Paka nta, gusa kwa msumari, unapata duara safi, kwa kuwa ndani ya karatasi joto linakwenda sawa pande zote. Shida ni ubavu. Ili upate ubavu laini lazima ukate kipande kinene kukatisha karatasi zake, na msumeno ukigusa tu, ulanga unafunguka kama kitunguu kilichooza, unabaki na rundo la vigae vinavyong'aa. Alijaribu msumeno wa chuma, wa mbao, kisu cha mkate na tupa.

Wakaguzi wa elimu walipokuja, aliamua siku hiyo ndiyo siku. Alikuwa amepata kipande kinene kuliko vyote na amekikata nusu salama. Mbele ya wageni aliendelea kukata, na tukasikia mlio mdogo, kri. Kipande kikamwagika mezani. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, yai limevunjika, na darasa likaangua kicheko, hata mkaguzi mmoja akaficha mdomo. Mwalimu alicheka pia. Baadaye nilipomsaidia kukusanya vigae aliniambia kitu ambacho hakuwaambia wengine.

"Mwanangu, mimi naogopa jambo moja. Nisije nikawa nimewadanganya watoto wa watu miaka yote hii."

Alipostaafu alihamia Mikumi kwa mdogo wake, Hadija, mwenye kibanda cha chapati na chai pale malori yanapopumzika. Nilidhani atachoka na moshi na honi, lakini alikolea. Madereva walikuwa wanafunzi wapya. Aliwauliza breki zinapata moto kiasi gani wakishuka mlima wa Kitonga, akazigusa ngoma za breki magurudumuni na kuwaonyesha ncha ya kidole kilichoungua. Chapati za mdogo wake nazo alizigeuza somo. Aliwabandulia wateja tabaka moja moja akiwaeleza kwa nini ya katikati inachelewa kuiva, mpaka Hadija akamwambia, dada, watu wanataka kula.

Ni kutoka Mikumi ndipo alipompigia simu dereva mmoja wa lori, mtu mpole mwenye heshima, aliyekuwa anarudi kutoka Iringa. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mwalimu alimwomba amletee ulanga kutoka huko, uwe mzito, na aufunge vizuri usije ukapasuka njiani. Dereva alisikia vizuri kila neno isipokuwa moja. Alishangaa, lakini nani ataanza kumhoji mama mtu mzima? Akaenda akanunua ulanzi. Pombe ya mianzi, nzito, galoni la njano, limefungwa kwa gunia na kamba ili lisipasuke kwa kuchacha.

Alifika Ijumaa, watu wametoka msikitini. Alishuka na galoni lake, akamsalimia Mwalimu mbele ya wote, akatangaza kwamba mzigo wake umefika salama, mzito kama alivyoagiza. Harufu ilifika kabla hajamaliza. Hadija alitamani kuingia chini ya meza ya chapati. Wazee wa kanzu waligeuza nyuso. Mwalimu alisimama, mwenye baibui na ushungi, akanyoosha mkono kwenye galoni kwa tabia yake ileile, na akasahau kuurudisha.

"Lina vuguvugu," alisema. "Na umesafiri nalo kivulini?"

Dereva akakubali, lilikuwa kivulini safari nzima. Basi pale pale, Ijumaa, mkono ukiwa juu ya galoni la ulanzi, Mwalimu aliwaeleza waliosimama jinsi kinywaji kinachochacha kinavyojitengenezea joto chenyewe. Mzee mmoja wa kanzu alisogea na yeye akaweka kiganja. Mwishowe dereva alirudishiwa mzigo wake na maelekezo marefu ya tofauti ya ulanga na ulanzi, na tangu siku hiyo kila lori likisimama lazima mtu amuulize Mwalimu kama mzigo wake umefika.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni Morogoro, na kazi yangu, ambayo naifanya mpaka leo, ilitokana na swali lake moja. Tukiwa kidato cha nne tulikuwa tunamenya ulanga kwa selotepu, unabandika, unavuta, unabandika tena, kila mara unabaki na karatasi nyembamba zaidi. Aliniuliza: ukimenya mpaka usiweze kumenya tena, joto litapita wapi? Sasa nalipwa kwa kutafuta jibu lake. Tunachukua fuwele za matabaka, ndugu za ulanga, tunazimenya kwa selotepu ileile ya dukani, mpaka zinakuwa nyembamba kiasi cha kuhangaisha hadubini, kisha tunapima joto linavyosafiri ndani yake.

Kila tulipopata jambo nilimpigia. Nilimweleza kwamba karatasi ikiwa nyembamba sana mtikisiko unaanza kugonga uso wa juu na wa chini, unachelewa, na kwamba karatasi zikipangwa kila moja imegeuzwa kidogo, zisilingane na jirani yake, joto la kuvuka linakwama vibaya mno. Akasema kwamba ule uzi wa kushonea tumekwishaukata, kwa hiyo mtu anaweza kujenga ukuta wa kuzuia joto mwembamba usioonekana. Nikamwambia ndiyo, watu wanajaribu. Nilimsikia akipiga kelele za furaha na kumwita Hadija aje asikie, na Hadija akijibu kwamba mafuta yanaungua.

Lakini mwisho wa kila simu aliuliza la ubavu. Je, huko maabara nimeliona yai? Nilimwambia vipimo vyetu vinaonyesha hivyohivyo, joto linakimbia ndani ya karatasi na linasuasua kuvuka. Hakuridhika. Hizo ni tarakimu, alisema. Yeye alitaka nta.

Na muda ulikuwa unakwisha. Hadija alinipigia kuniambia kwamba dada yake ana presha ya macho, imechelewa kugundulika, na kilichokwishapotea hakirudi. Mwalimu alikuwa anauona ulimwengu kwa tundu, na tundu lilikuwa linaziba. Niliacha mengine yote. Nilitafuta ulanga mnene kwa wachimbaji wa milima ya upande wa Morogoro mpaka nikapata kipande kama Kurani ndogo. Nilikaa nacho siku kadhaa naogopa hata kukigusa.

Jibu nililiona barabarani. Baiskeli ilinipita imebeba mlima mzima wa kuni, zimefungwa kwa mipira ya tyubu, na hakuna ukuni uliotikisika. Nikasema, hivi ndivyo. Nikaubana ulanga kati ya mbao mbili, nikazungusha mpira wa tyubu nikivuta kwa nguvu zangu zote mpaka kitu kizima kikawa kigumu kama tofali, kisha nikakata, mbao, mpira na ulanga kwa pamoja, polepole. Haukufunguka. Nikasugua ubavu kwa msasa mpaka ukawa laini kama kioo cha simu. Nta sikuijaribu. Nilitaka tuone pamoja, mimi na yeye, mara ya kwanza.

Nilifika Mikumi asubuhi. Alikuwa amekaa nje ya kibanda, uso umeelekea barabarani, mkono wake unatafuta kikombe kwa kupapasa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Aliitika marahaba na kugeukia sauti yangu, lakini macho yake yalipita pembeni yangu. Hadija akanitazama akatikisa kichwa. Tundu lilikuwa limeziba wiki iliyopita.

Nilikaa chini. Nililia, sina sababu ya kuficha. Yeye alinisikiliza kidogo, kisha akauliza kama nimeleta ulanga au ulanzi. Nikamwekea kile kipande mapajani. Alikipapasa, mbao, mpira, akafika ubavuni, na kidole chake kikasimama.

"Umeupataje ubavu huu?"

Nikamwambia habari za baiskeli ya kuni. Alicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha akasema tunangoja nini.

Hadija akaleta kaa la moto. Nilipaka nta nyembamba, nikaelekeza mistari ya karatasi ilale sawa na meza, nikagusa katikati kwa ncha ya msumari uliopashwa kwenye kaa mpaka ukawa mwekundu. Nta iliyeyuka mbele yangu. Nilikuwa nimeshika mdomo. Mwalimu alikuwa akinusa nta inayoungua. Nilipoondoa msumari, nilingoja ipoe, kwa maana nta ikipoa huacha tuta dogo kuzunguka pale ilipoyeyuka, na tuta halihitaji macho.

Nilishika mkono wake nikaweka kidole cha shahada kwenye ukingo. Kile kidole kilichoungua mara zote zile, nilihofu hakitasikia kitu. Kilitembea taratibu, kikafika mwisho wa upande mmoja, kikapinda, kikarudi kwa chini, kikapinda tena. Akazunguka mara ya pili. Kisha akaweka vidole viwili, kimoja akipima urefu, kingine akipima kimo.

"Limelala," alisema.

"Limelala, Mwalimu."

"Kwa hiyo sikuwadanganya."

Alimwita Hadija naye aguse. Hadija alifuta mikono ya unga, akagusa, akasema kweli ni yai, tena la bata. Dereva aliyekuwa anakunywa chai akaomba, na mwenzake, na muuza karanga, na kila mmoja Mwalimu alimuuliza limelala au limesimama, na kila mmoja aliposema limelala, Mwalimu alijipiga kofi pajani. Kipande kilizunguka kibanda kizima. Kiliporudi mikononi mwake alikipapasa tena, na uso wake ukabadilika. Joto la vidole vyetu vyote lilikuwa limeilainisha nta, tuta limepotea, ubavu umekuwa laini tupu.

"Tumelifuta," nilisema.

Alinyoosha mkono hewani akitafuta upande lilipo kaa la moto, mpaka kidole kikalipata joto lake.

"Weka msumari," alisema. "Tulilaze tena."